Mizani Haijui Nani Atashinda Mbio

Mwaka jana mama mmoja alimleta bintiye katika kliniki yangu mjini Meru. Msichana huyo wa miaka 17 hukimbia mita 3,000 katika shule moja ya upili, na alikuwa akichechemea. Muundi wa mguu wa kushoto ulikuwa umemuuma kwa majuma sita. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya pili, majuma mawili baadaye, ilionyesha ufa mwembamba katika mfupa.

Nilimwomba mama atupishe kidogo, kisha nikamuuliza binti, "Mwanangu, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Akainama. "Kabla ya Krismasi, daktari." Siku hiyo tulikuwa katika mwezi wa Julai.

Mwalimu wao wa michezo huwapima kila Jumatatu, na anayezidi kilo 44 haingii katika kikosi. Binti alianza na kilo 48, na sasa alikuwa na 43. Chakula cha jioni alikuwa amekiacha kabisa.

Simlaumu sana mwalimu huyo. Sisi wa pande hizi tumewaona mabingwa kwa macho yetu. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi katika chuo cha walimu cha Kigari, Embu, na wanaume wa Kenya wakatwaa ubingwa wa dunia wa timu mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Aliyesimama kando ya barabara aliona miguu myembamba ya akina John Ngugi na Paul Tergat, akadhani wembamba ndio siri. Mazoezi ya mara tatu kwa siku hakuyaona, wala sahani zao.

Ni kweli uzito una maana. Mkimbiaji huubeba mwili wake mwenyewe kila hatua. Mpiga makasia hubebwa na mashua, ndiyo maana katika mchezo huo watu wenye miili mikubwa ndio hutamba. Hata ikabidi kuwekwe mashindano ya wepesi, wanaume wasizidi kilo 72.5 na wanawake 59, na katika Olimpiki yalidumu kuanzia Atlanta 1996 hadi Paris 2024. Huko nako vijana wengi walijinyima chakula na maji ili tu mizani iwakubali.

Lakini mizani inapima nini hasa? Inajumlisha mfupa, misuli, maji, mafuta na uji wa asubuhi. Ile hesabu ya kugawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe ilibuniwa na Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa hesabu na takwimu, wala si daktari. Alitaka kueleza umbo la umma mzima. Hakuwa akichagua wakimbiaji.

Kipo pia kifaa kama koleo kinachobana ngozi ili kukadiria mafuta. Ni kizuri mikononi mwa mjuzi. Hata hivyo, mojawapo ya fomula zinazotumika sana, ya mwaka 1974, ilitokana na kuwapima watu 481 huko Scotland, wa umri wa miaka 16 hadi 72. Makadirio yake yanaweza kukosea kwa pointi tatu au nne. Ukiambiwa binti ana asilimia 18 ya mafuta, huenda ni 15, huenda ni 21. Je, utamtoa mtoto kikosini kwa tofauti ndogo kuliko kosa la kifaa chenyewe?

Hatari yenyewe ni hii. Chakula kisipotosha mazoezi, mwili hubana matumizi kama mama mwenye mshahara mdogo. Huanza kwa kufunga uzazi: hedhi hukoma na homoni ya estrojeni hushuka. Homoni hiyo ndiyo mlinzi wa mifupa, na miaka ya ujana ndiyo ya kuijenga mifupa hiyo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa upungufu huu jina rasmi mwaka 2014, ikasema unawapata wanaume pia. (Wapo wavulana wetu wanaotafuna miraa kuua njaa, halafu wanashangaa miguu ikiwa mizito.) Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliukuta kwa wasichana wakimbiaji wa Kenya, kwa hiyo tusiuite ugonjwa wa Wazungu.

Sisemi mizani itupwe. Pima mwanzoni mwa muhula na katikati, mtu yule yule apime, faraghani, wala namba zisisomwe mbele ya wenzake. Mlinganishe mtoto na nafsi yake ya mwezi uliopita na muda wake uwanjani. Kilo zikipungua na muda ukizidi kuwa mbaya, kuna tatizo. Nawe mzazi, muulize bintiyo kuhusu hedhi. Ikikosekana miezi mitatu, mlete hospitalini, hata kama anashinda.

Binti yule nilimpumzisha miezi mitatu. Niliagiza githeri, mayai, maziwa na chakula cha jioni bila kukosa. Mama yake alinipigia simu Januari: hedhi imerudi, kilo ni 49, na ameanza kukimbia polepole. Mwalimu bado hajamrudisha kikosini.