Rezista Sahihi Hazitoshi

Hoja kwamba oskileta ya daraja la Wien hutulia mradi rezista zake ziwe sahihi ni nusu ya ukweli. Rezista hizo na kapasita hupanga masafa tu: kiloomu 10 na nanofaradi 10 hutoa takriban hezi 1,590. Kimo cha wimbi ni suala jingine. Ukuzaji ukishuka chini ya 3, wimbi hufifia. Ukizidi, vilele hukatwa. Rezista isiyobadilika ya kupanga ukuzaji haiwezi kushikilia mpaka mwembamba hivyo. Joto pekee huuvuruga. Katika miaka ya 1930 William Hewlett alitumia balbu ndogo badala ya rezista hiyo: mkondo ukiongezeka, uzi wake hupata moto, ukinzani hupanda, ukuzaji hushuka. Utulivu huletwa na saketi inayojirekebisha yenyewe.