GHARAMA YA MVUKE ISIWE KISINGIZIO



Tulipokwenda mbele ya Meneja kudai nyongeza ya mishahara katika kiwanda chetu cha chai, tulijibiwa ya kwamba fedha zote zimeliwa na boila. Eti kuni ni ghali, mvuke wa kunyausha na kukausha majani umepanda gharama, na wachochea moto ni wavivu. Basi sisi tulio karibu na moto huo tumepiga hesabu yetu.

Tuseme tani ya kuni ni shilingi 3,000. Zikiwa kavu, tani moja hutoa mvuke yapata tani 3 katika boila kuukuu. Kila tani ya mvuke ni shilingi 1,000. Lakini kuni tuletewazo ni mikaratusi iliyokatwa juzi, na nusu ya uzito wake ni maji. Moto hutangulia kukausha kuni kabla ya kuchemsha boila, hata tani moja ikatoa mvuke kama tani moja na nusu tu. Sasa tani ya mvuke ni shilingi 2,000! Ni nani aliyenunua maji kwa bei ya kuni? Si mchochea moto. Yeye huonyeshwa rundo akaambiwa choma.

Tena, mvuke ukiisha kazi yake hugeuka maji ya moto, safi kabisa. Maji ya boila yakiongezwa joto kwa digrii 6 kabla ya kuingia, huokoa karibu 1 kwa 100 ya kuni. Hapa kwetu maji hayo ya moto humwagwa mtaroni. Mabomba yako uchi, na viungo vinavuja usiku kucha.

Na ofisi hufanyaje hesabu yake? Hutwaa bili ya kuni, ikaigawanya kwa kilo za chai, basi. Hakuna mita ya maji yaingiayo boilani, wala unyevu wa kuni haupimwi. Hesabu kama hiyo haiwezi kuonyesha hasara ilikotoka, kwa hiyo humwangukia mfanya kazi.

Twadai mambo manne: banda la kukaushia kuni, mita ya maji, maji ya moto yarudishwe boilani, na mabomba yafunikwe. Kisha daftari lifunguliwe mbele ya wajumbe wa Chama. Ikionekana kosa ni letu, tutalikubali. Lakini hatukubali mishahara yetu itumike kupashia mtaro moto.

UMOJA NI NGUVU.