Si Udongo, Wala Si Uvivu: Neno juu ya Utajiri wa Nchi

Wako watu wengi vijijini mwetu, na wengine wao wamesoma, ambao wakiulizwa kwa nini nchi hii ni tajiri na ile ni maskini, hujibu upesi sana. Wa kwanza husema, "Ni udongo na madini, aliyepewa amepewa." Wa pili husema, "Ni uvivu wetu. Wenzetu hufanya kazi, sisi twalala." Wa tatu husema, "Ni serikali. Siku itakapotuletea fedha tutatajirika." Majibu haya twayasikia barazani na sokoni, hata katika mikutano ya wazee. Sisi twayakataa yote matatu. Hatuyakatai kwa kupenda ubishi, bali kwa sababu kila moja humfundisha mtu kukaa tu. Wa kwanza hukaa akingoja dhahabu, wa pili hukaa akijidharau, na wa tatu hukaa akitazama barabara.

Na tuanze na udongo. Kama madini ndiyo yaletayo utajiri, nani angewapita ndugu zetu wa Kongo? Nchi yao ina shaba, dhahabu na almasi, na kobalti yake ni nyingi kuliko ya nchi yo yote duniani. Lakini kila mtu ajua jinsi wengi wao waishivyo kwa shida. Sasa itazame Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya. Haina dhahabu wala almasi, baridi yake ni kali, na sehemu kubwa ya magharibi yake ilikuwa mchanga na magugu. Hata hivyo Denmark ni mojawapo ya nchi tajiri za dunia. Basi udongo peke yake haukutoa jibu.

Tuje kwenye uvivu. Asemaye kwamba sisi ni wavivu, na aamke alfajiri aende kisimani, akawatazame mama zetu. Atawaona wamekwisha teka maji, wamefagia ua, na jembe li begani, naye bado apiga miayo. La, jasho letu si haba. Tofauti iko katika kile kitokacho ndani ya jasho. Watu wawili wakilima tangu asubuhi hata adhuhuri, mmoja akapata debe moja na mwenziwe akapata madebe kumi, hatusemi kwamba wa pili amefanya kazi mara kumi. Twauliza: Ana chombo gani? Ana maarifa gani? Amtegemea nani? Mali yake aiuza wapi? Hiyo ndiyo tija, na tija ndiyo itengayo nchi na nchi.

Twataka kuonyesha jinsi tija hiyo ilivyopatikana Denmark, kwa maana watu wake hawakuanza kama mabwana. Tangu mwaka 1733 sheria iliwafunga wanaume wa vijijini katika mashamba makubwa waliyozaliwa. Mtu hakuwa na ruhusa kuhama. Kifungo hicho kilivunjwa kwa sheria ya mwaka 1788, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi wakapata kumiliki mashamba yao. Mwaka 1814 ikatoka sheria kwamba kila mtoto apate mafundisho, wa kike na wa kiume, mjini na shambani. Kisha Grundtvig, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, akafundisha kwamba kijana wa mkulima astahili shule isiyo ya mitihani, bali ya kumwamsha akili na moyo. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Vijana walikwenda wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa chache, kisha wakarudi kwao. Neno hili tulikumbuke: walirudi kwao.

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vita na Prussia na Austria, ikapoteza karibu theluthi ya nchi yake. Badala ya kulia, mwaka 1866 watu wakaunda chama, akiwamo afisa wa jeshi jina lake Enrico Dalgas, ili kuipanda miti na kuilima ile nyika ya mchanga ya Jutland. Baada ya hapo likaja pigo jingine. Nafaka ya Marekani ilifika Ulaya kwa meli kwa bei ndogo mno, na Wadenmark, waliokuwa wakiuza nafaka, wakaona soko linaanguka. Walifanyaje? Walisema: kama nafaka ni rahisi, tuinunue tuwalishe ng'ombe na nguruwe, tuuze siagi na nyama. Adui wakamfanya chakula cha mifugo.

Lakini siagi ina shida yake. Mashamba makubwa yalikuwa na vyumba vya baridi na watu stadi, na siagi yao ilipata bei nzuri Uingereza. Mwenye ng'ombe watatu au wanne alingoja mafuta yapande juu ya maziwa, akakusanya kidogo kidogo siku nyingi. Siagi yake ikachacha, ikachanganywa na ya wengine, ikauzwa kwa bei ya chini kabisa. Ndipo mnamo mwaka 1878 zikatokea mashine za kutenga mafuta na maziwa kwa kuzungusha, zikifanya kwa muda mfupi kazi ya siku nzima. Ni nani mwenye ng'ombe watatu awezaye kununua mashine kama hiyo? Hayuko. Basi mwaka 1882, huko Hjedding katika Jutland, wakulima walijiunga wakaanzisha kiwanda chao wenyewe cha siagi. Kufika mwaka 1900 viwanda vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya 1,000 katika nchi ile ndogo.

Wasomaji wetu, yaangalieni masharti yao, kwa kuwa siri yote imo humo. Kila mwanachama aliahidi kuleta maziwa yake yote, isipokuwa ya kunywa nyumbani. Hakuna kumpelekea mchuuzi leo kwa sababu ameongeza senti. Deni la kiwanda lilikuwa juu yao wote pamoja, hata kila mtu akawa na sababu ya kulichungua daftari. Faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta mtu. Na kura ilikuwa moja kwa kila mtu: walihesabu vichwa vya watu, hawakuhesabu vichwa vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe 40 hakumpita mwenye ng'ombe wawili.

Je, hapakuwa na wadanganyifu? Walikuwapo, maana watu ni watu. Maziwa yalipolipwa kwa uzito tu, aliyetia maji alilipwa sawa na mwaminifu. Ndipo mtaalamu mmoja, jina lake Fjord, akatengeneza njia ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa ya kila mtu, na viwanda vikaanza kulipa kwa mafuta. Hapo maji yakakosa bei. Twawaomba mwone jambo hili vizuri: hawakuuondoa udanganyifu kwa kuhubiri tu. Waliuondoa kwa kipimo kisichojua uso wa mtu. Mwaka 1895 wakaanzisha huko Vejen chama cha kupima kila ng'ombe, ale kiasi gani na atoe kiasi gani, hata mfugaji akajua yupi amlishaye na yupi amlaye. Na mwaka 1901 wakatoa alama moja ya siagi yao, picha ya pembe za kale, ili mnunuzi wa London akiiona asiwe na shaka.

Atasema mtu, "Wale walikuwa na bahati, Uingereza yenye fedha i jirani yao." Naam, soko ni jambo kubwa, hatukatai. Lakini Ireland ilikuwa jirani wa karibu zaidi. Ireland ina mvua na majani mabichi kuliko Denmark, na siagi yake ilikuwa maarufu zamani kabla ya ile ya Denmark kujulikana. Hata hivyo katika miaka ile siagi ya Denmark iliishinda sokoni. Kwa nini? Siagi nyingi ya Ireland ilipatikana majira ya joto tu. Wakati wa baridi mnunuzi alikosa. Wadenmark walilisha ng'ombe wao ndani wakauza mwaka mzima. Tena huko Ireland ardhi ilikuwa ya mabwana, wakulima walikuwa wapangaji, na magomvi ya ardhi, ya siasa na ya dini yaliwagawanya watu. Horace Plunkett alianza kuwahimiza wajiunge mwaka 1889, wakati ambapo Denmark ilikuwa imekwisha tangulia. Hatuwacheki watu wa Ireland. Mtu asiye na hakika kama mwakani atakuwa na shamba hawezi kupanga mambo ya miaka kumi. Na leo ardhi ni yao wenyewe, wana shule na ushirika, na siagi yao husifiwa katika nchi nyingi. Mvua ni ile ile na majani ni yale yale. Kilichobadilika ni watu na taratibu zao.

Sasa tuitazame nyumba yetu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Denmark ina ng'ombe wa maziwa wasiofika 600,000. Lakini maziwa yote ya Tanzania ya mwaka mmoja hayafiki yale ya Denmark. Mtu atajibu kwamba ng'ombe wao ni wa mbegu nyingine, nasi tuna ndigana na ukame. Ni kweli. Lakini ng'ombe wa Denmark wa mwaka 1880 hakutoa hata robo ya maziwa atoayo ng'ombe wao wa leo. Mbegu ile haikushuka mbinguni. Ilichaguliwa kizazi baada ya kizazi, daftari mkononi. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wale waliishika methali yetu kuliko sisi wenyewe!

Wala tusiseme kwamba ushirika ni jambo la wageni lisilotuwezekania. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikasimama chama kikuu cha KNCU, ambacho jina lake halijafutika hata leo. Huko Githunguri, katika Kiambu ya Kenya, wafugaji wadogo walianza chama chao mwaka 1961, na mwaka 2004 wakafungua kiwanda chao wenyewe cha maziwa. Twaweza, basi. Lakini mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na ilipotoka sheria ya mwaka 1982 ya kuvirudisha, wengi walikuwa wamekwisha zoea kusema, "Chama ni cha serikali." Mti uliong'olewa hupandwa tena, ila mizizi haikui kwa amri.

Hapa ndipo tumjibupo yule wa tatu. Serikali ina kazi yake, tena kubwa: barabara, shule, sheria ya ardhi, wataalamu wa mifugo, na hakimu asiyenunuliwa. Denmark isingefika bila hayo. Lakini kukamua, kupima, kuandika daftari, na kumwambia mwenyekiti, "Ndugu, hesabu hii haikukaa sawa," hizo ni kazi za wanakijiji. Twakijua chama kimoja ambacho mizani yake ilikuwa ikipunja kila mwenye gunia, na watu wote walijua. Walinung'unika njiani, wakanung'unika kilabuni, lakini penye mkutano wakanyamaza, kwa kuwa mshika mizani ni mtoto wa mkubwa. Baadaye wenye kahawa nzuri wakauza kwa walanguzi usiku, chama kikafa, na walanguzi wakashusha bei. Nani alikiiba chama kile? Mshika mizani aliiba kilo. Walionyamaza waliacha chama kizima kiibwe.

Tena twataka kuwaambia wazazi neno moja juu ya shule. Mtoto akishindwa mtihani, twasikia akiambiwa, "Basi, nenda ukalime," kana kwamba jembe ni fimbo ya kuadhibu wajinga. Tukifundisha hivyo, tustaajabu nini vijana wakikimbilia mjini na mashamba yakabaki kwa wazee? Wadenmark waliwapeleka wana wa wakulima shuleni ili walime kwa akili, na vijana wale ndio wengi waliokuja kuongoza vyama na viwanda. Hesabu ya darasani ipelekwe kwenye zizi: maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, gharama ya dawa, bei ya sokoni. Kijana ajuaye hayo hawezi kupunjwa na mizani, wala hawezi kuogopa mkutano.

Basi, ndugu wasomaji, mtu akija tena barazani akasema kwamba sisi ni maskini kwa udongo, mwonyesheni mchanga wa Jutland. Akisema ni kwa uvivu, mwonyesheni mama zenu. Akisema tungoje serikali, mwulizeni kama serikali imemkataza kusoma daftari la chama chake. Kisha msikae tu. Mkutano ujao wa chama utakapoitwa, nendeni wote, wake kwa waume, mkaombe mambo mawili: mizani ipimwe mbele ya watu, na hesabu isomwe kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho. Hayahitaji dhahabu wala msaada wa nchi za mbali. Yahitaji mtu mmoja wa kusimama kwanza, na wengine wa kutomwacha asimame peke yake.