BARAZANI KWETU: Orodha ya Wangojao

 

Mwaka huu nimepigiwa simu na mama watatu wa jamaa zetu hapa Marekani, kila mmoja kwa wakati wake, na wote jambo lao moja. Mtoto ameomba kusomea udaktari wa saikolojia; chuo hakikumkubali wala hakikumkataa, kimemwandikia kwamba yumo katika orodha ya wangojao. "Sasa nifurahi au nilie?" aliniuliza mmoja wao. Wameniuliza mimi kwa sababu wamesikia yaliyotupata nyumbani kwetu hapa Columbus mwaka 2022. Lakini mengi waliyoyasikia siyo, na kosa lilikuwa langu, basi leo nalisema mwenyewe.

Kitinda mimba wangu alimaliza shahada ya kwanza mwaka 2021, na mwezi wa Desemba akapeleka maombi kwenye vyuo kumi na moja. Kila ombi lina ada yake, na ada hairudi. Januari na Februari vyuo vitatu vilimwita kwa mahojiano. Mwanzo wa Machi nikampigia simu kazini kumwuliza habari, naye akanijibu kwa haraka, "Wameniweka kwenye listi, mama."

Mimi nikasikia listi. Sisi tuliosoma Unguja tunajua listi ni kitu gani: karatasi iliyobandikwa ukutani mwa skuli, na jina lako likiwamo, umepita. Sikuuliza zaidi. Nikampigia dada yangu Muscat. Kabla ya magharibi kundi letu la WhatsApp lilikuwa limejaa "Mashaallah, daktari wetu," na kaka yangu wa London alikwisha kuuliza apeleke zawadi gani.

Aliporudi usiku alikuwa na simu mkononi. "Mama, umewaambia nini watu?" Hakulia. Afadhali angelia. Aliingia chumbani, akafunga mlango, na kwa siku mbili akawa ananijibu ndiyo na hapana tu.

Baadaye alinikalisha akanieleza, nami nawaelezeni kama nilivyofahamu. Udaktari huu siyo wa dawa. Kwa kawaida anayeandika dawa za maradhi ya akili ni daktari wa hospitali aliyejifunza utabibu kwanza. Mwanasaikolojia wa tiba huwapima watu na kuwatibu kwa mazungumzo na mazoezi, na pia hufanya utafiti. Mwaka 1949 wakuu wa fani hii walikutana Boulder, Colorado, wakakata shauri kuwa mwanafunzi afunzwe yote mawili, tiba na utafiti. Hiyo ndiyo njia ya PhD. Mwaka 1973 wakakutana Vail, katika jimbo hilo hilo, wakaikubali na njia ya pili iitwayo PsyD, ambayo uzito wake zaidi uko kwenye tiba. Kwa wazazi tofauti kubwa ni mfukoni. Kwenye PhD mara nyingi chuo humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, na kwa hivyo nafasi ni chache mno. Idara hupata maombi mamia na kuchukua watu sita, wanane. Kwenye PsyD mara nyingi unalipa mwenyewe.

Tena orodha hii siyo foleni. Hapa ndipo nilipokosea zaidi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa foleni. Miaka ya sabini, mchele na sukari vilipokuwa adimu Unguja, nilitumwa kupanga mstari toka alfajiri, na niliona mgongo wa aliye mbele yangu. Akipewa yeye, nafuata mimi. Kwenye saikolojia ya tiba vyuo vingi humpa kila mwanafunzi profesa wake wa utafiti. Basi mtoto hangojei nafasi ya chuo, anangojea nafasi ya profesa yule mmoja. Watu watatu wa maprofesa wengine wanaweza kukataa, na yeye asisogee hata hatua. Au mtu mmoja tu akajitoa, yule aliyechaguliwa na profesa wake, na jioni hiyo hiyo akapigiwa simu. Ukimwuliza "wewe ni wa ngapi?" unamtesa bure.

Siku yenyewe ya kujua ni tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vimetia saini mapatano ya Council of Graduate Schools kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye msaada wa fedha halazimishwi kujibu kabla ya siku hiyo. Ni mapatano mazuri kwa mwenye nafasi, lakini huyo mwenye nafasi tatu anaweza kuzikalia zote mpaka saa ya mwisho, na nyuma yake watoto wa watu wamekaa roho juu.

Mwaka ule tarehe 15 ilikuwa Ijumaa, katikati ya Ramadhani. Fikirini wenyewe. Kila siku futari, kila futari wageni, na kila mgeni akimaliza tende ya kwanza anauliza, "Ehe, daktari, vipi chuo?" Nilikuwa nimekwisha kusahihisha habari kwenye simu, lakini kama mjuavyo, habari ya furaha hupanda ndege na masahihisho huja na jahazi. Mwanangu akaanza kufuturu jikoni, amesimama.

Hapo nikaongeza kosa la pili. Nikapiga simu idarani mwenyewe, bila ya kumwambia. Nikajitambulisha kwa adabu kuwa mimi ndiye mama yake. Bibi aliyepokea akanijibu kwa adabu vile vile kuwa habari za mwombaji huzungumzwa na mwombaji mwenyewe. Basi. Wazazi, msipige simu. Anayefaa kuandika ni mtoto, tena barua-pepe fupi kwa profesa: bado nataka, jambo jipya katika kazi yangu ni hili. Kama chuo hicho ndicho cha kwanza moyoni mwake na amekata shauri kwamba akipewa ataingia, aseme hivyo, na aseme kwa chuo kimoja tu. Mara moja yatosha.

Lililotutia mtihani hasa lilikuwa jingine. Chuo kimoja cha PsyD kilimkubali moja kwa moja, ada juu yake, naye ajibu kabla ya siku ile ile. Pesa hizo hatuna. Ilikuwa ni mkopo wa miaka mingi, na mkopo wenyewe una riba. Mimi nilimwambia achukue. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, nikamwambia, na kaka yangu wa London akaniunga mkono kwa sauti kubwa zaidi. Yeye riba alisema tutaitafutia fatwa. Mume wangu alinyamaza, kisha akamwuliza mtoto, "Ukimaliza, utakuwa unalipa mpaka una miaka mingapi?" Mtoto alikuwa keshapiga hesabu. Akaituma barua ya kukataa usiku wa Alhamisi, baada ya tarawehe, na asubuhi ndipo akaniambia.

Ijumaa ile sikufanya kazi ya maana. Sambusa zangu zilifumuka mafutani. Saa kumi na moja jioni ofisi zilifungwa, na simu haikulia. Tulipofuturu, saa mbili usiku, alikuja akakaa mkekani na sisi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akala vizuri. Mimi ndiye nilikuwa siwezi kumeza. Mwezi wa Mei barua ikaja kuwa darasa limejaa.

Kaka yangu hakusema naye mpaka Idi kubwa. Nasema wazi kwa kuwa na yeye anakisoma kitabu hiki, na kwa kuwa siku ile ya Idi alimwomba radhi.

Alipata kazi ya kusaidia utafiti katika hospitali, mshahara mdogo. Aliomba tena mwishoni mwa 2023, safari hii vyuo saba tu, baada ya kusoma kwanza kila profesa anatafiti nini na kama anachukua mwanafunzi mwaka ule. Alikubaliwa na chuo ambacho mara ya kwanza hakikumwita hata kwa mahojiano, akaanza Agosti 2024. Mara hii sikumwambia mtu yeyote. Aliwaandikia jamaa yeye mwenyewe, akiwa tayari amekwisha kutia saini.

Siwezi kuwaahidi wale mama watatu kuwa wao watafika huko. Wapo wanaoomba mara tatu, na wapo wanaoacha wakafuata kazi nyingine ya kuwahudumia watu, wakatulia nayo. Ninachowaomba jamaa wote ni kitu kidogo: Aprili ikifika, mpitishieni mtoto sahani ya kaimati, muulizeni habari za mpira.

Na kwa wale walioanza kuniuliza wangu anamaliza lini: karibu na kumaliza lazima afanye mwaka mzima wa kazi chini ya uangalizi. Kuupata mwaka huo anaomba tena nchi nzima, anapanga vituo kwa kuvipenda, vituo navyo vinawapanga waombaji, kisha kompyuta inawaoanisha. Majibu hutoka mwezi wa Februari. Nitakuwa nimezima simu.