Tusizitupe Negativu za Zamani

Wenzangu wanafunzi, wengi hudhani negativu za shule ni takataka maadamu picha zipo. Mimi nakataa. Picha hufifia, na negativu ndiyo mama yake. Lakini filamu ya asetati nayo huoza. Ikinuka siki, jueni yaharibika. Basi tuzinakili kwa skana ya kioo, lakini iwe na taa kifunikoni, kwa kuwa filamu yataka mwanga upite ndani yake. Tufute vumbi kwa brashi laini, tuchague nukta 2400 kwa inchi, maana kipande chenyewe ni milimita 24 kwa 36 tu. Kisha tuwaulize wazee majina ya waliomo, wangali hai. Wahenga walisema akiba haiozi, hii yaoza. Tuanze muhula huu.