Sinema za Kitaliani na Sura Zetu

Tangu muhula uliopita pana mabishano katika chama chetu cha sinema, wala si jambo baya, maana chama kisichobishana kimekwisha lala. Wengine wataka tukionyesha picha za Kitaliani ziwe zile za kauboi tu. Wengine wasema kwamba picha za zamani, zisizo na rangi, zenye watu maskini, hazina faida kwetu: umaskini tunao nyumbani, ya nini kwenda kuutazama ukutani? Neno hili la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Neno hilo lilikwisha semwa na Wataliani wenyewe. Mwaka 1948 Vittorio De Sica alitengeneza picha iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Kisa chake ni kifupi. Baba mmoja wa Roma, aliyekaa siku nyingi bila kazi, apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe avua mashuka ya vitanda, ayapeleka rehani badala yake, na baiskeli yakombolewa. Siku ya kwanza ya kazi yaibiwa. Baba na mwanawe mdogo wazunguka mji mzima kuitafuta, mpaka mwisho baba mwenyewe ajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine. Akamatwa, apigwa makofi mbele ya watu, na mtoto aona yote. Hapana bunduki, hapana jini, hapana mtu wa kuja kuwaokoa.

Huyo baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mchezaji wa sinema. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Yasemekana tajiri mmoja wa sinema wa Marekani alikuwa tayari kutoa fedha, mradi nafasi hiyo apewe Cary Grant, mtu mzuri wa sura na suti. De Sica akakataa, na kila mwenye kuitazama picha ile ataona sababu: namna Maggiorani anavyotembea, huwezi kumfundisha mtu aliyeshiba.

Miaka minne baadaye, mwaka 1952, De Sica akatoa Umberto D., habari za mzee mwenye pensheni ndogo na mbwa wake. Hapo Giulio Andreotti, aliyekuwa akisimamia mambo ya sinema katika serikali, akamlaumu hadharani kwamba anaiaibisha Italia mbele ya mataifa. Basi wenzetu wanaosema kwamba picha za maskini hazifai, wajue wamekaa benchi moja na mtu wa serikali. Mimi nakaa benchi la De Sica. Mtu akionyesha taabu ya jirani yake kwa heshima, hamwaibishi. Aliyeaibika ni yule aliyeiacha taabu ile ikae.

Wala Wataliani hawakukaa wakilia tu. Mwaka 1958 Mario Monicelli alitoa I soliti ignoti, kichekesho cha wezi wasiojua wizi. Wanapanga kuvunja ofisi ya rehani, wanakwenda kufundishwa kufungua sefu na mzee mmoja (mchekeshaji Totò, ambaye uso wake peke yake watosha kucheka), wanatoboa ukuta usiku kucha, na kumbe wametoboa ukuta usiokuwa wenyewe. Wajikuta wako jikoni. Basi wapasha moto tambi na dengu, wala, waenda zao. Angalieni jambo hili: ni mahali pale pale pa rehani. Mwaka 1948 mama alisimama dirishani na mashuka yake, na watu wakatoa machozi. Miaka kumi baadaye watu wa mji ule ule wanapacheka. Atakaye kujua jinsi Italia ilivyopona vita, na atazame picha hizi mbili kwa usiku mmoja.

Sasa kauboi. Nazipenda, nisieleweke vibaya. Wazee wetu waliomaliza shule zamani watawasimulia jinsi walivyocheka kwa ajili ya Terence Hill na Bud Spencer katika Lo chiamavano Trinità ya mwaka 1970. Hata majina yale si ya Marekani: mmoja ni Mario Girotti, mzaliwa wa Venice, na mwingine ni Carlo Pedersoli, aliyekuwa muogeleaji hodari wa Italia kabla ya kuwa mpiga makonde. Na jangwa la Sergio Leone katika Per un pugno di dollari, mwaka 1964, si Texas, ni Hispania. Na kisa chenyewe alikichukua kwa Kurosawa wa Japani, na jambo hilo likaleta mashauri ya sheria. Lakini mluzi wa Ennio Morricone hakuuchukua kwa mtu.

Wanaozigombanisha picha za kauboi na za maskini wajue jambo moja. Katika Wezi wa Baiskeli mvua yanyesha, baba na mtoto wajibanza ukutani, na wanafunzi wa upadri waja kujikinga karibu nao. Mmoja wa wanafunzi wale ni kijana Sergio Leone, aliyekuwa akimsaidia De Sica kazi. Nyuso zile chafu zenye jasho katika kauboi zake, wanaume wasionyoa ndevu, mashati yaliyochakaa, alizitoa wapi kama si katika shule ile ile? Kauboi wa Marekani wa siku hizo alitoka vitani na shati lililopigwa pasi.

Lakini lililo kubwa zaidi kwetu ni sisi wenyewe tulivyotazamwa. Mwaka 1914 Giovanni Pastrone alitoa Cabiria, picha kubwa ya vita vya Roma na Kartago. Ilisifiwa kwa kamera yake iliyosukumwa juu ya magurudumu. Shujaa wake aliyependwa kuliko wote ni mtumwa Mwafrika, Maciste, lakini aliyemcheza ni mchukuzi wa bandari ya Genoa, Bartolomeo Pagano, aliyepakwa rangi. Mwaka 1937, jeshi la Mussolini likiwa limekwisha ivamia Habeshi tangu 1935, ikatolewa Scipione l'Africano, ili watu wa Italia waone kwamba babu zao Warumi nao walikuja Afrika kushinda. Ni picha yenye tembo wengi na akili kidogo.

Kisha mwaka 1966 zilitoka picha mbili, na hapa ndipo penye shauri. Ya kwanza ni Africa addio ya Jacopetti na Prosperi. Hawa walikuja kwetu kweli: Kenya, Kongo, Unguja. Mauaji ya Unguja ya Januari 1964 waliyapiga picha wakiwa angani. Watu waonekana wadogo kama siafu, na sauti ya mwelezaji yakwambia kwamba hivi ndivyo Afrika inavyokuwa Mzungu akiondoka. Mauaji yalikuwa ya kweli, wala sitaki yafichwe. Lakini hutasikia jina la mtu hata mmoja, wala hutajua nani alimlilia nani. De Sica aliishusha kamera yake mpaka kimo cha mtoto. Hawa waliipandisha mawinguni. Tofauti ndiyo hiyo, wala si umaskini au damu.

Ya pili ni La battaglia di Algeri ya Gillo Pontecorvo, juu ya vita vya Waaljeria na Wafaransa. Yeye alikwenda Algiers akaifanya kazi pamoja na wenye shauri lao. Saadi Yacef, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji mjini humo, aliingia mwenyewe katika picha kucheza mambo aliyoyafanya. Ikapata tuzo kubwa ya Venice mwaka ule ule, na Ufaransa ikakataa kuionyesha kwa miaka kadhaa.

Katikati ya hizo naiweka picha ya Pier Paolo Pasolini, Appunti per un'Orestiade africana, ya mwaka 1970. Alipita Uganda na Tanzania, akatazama masoko ya Kigoma, akatafuta nyuso za kuchezea hadithi ya kale ya Wagiriki. Alikuja na kitabu mkononi, naye alitaka Afrika iingie ndani ya kitabu chake. Akarudi Roma, akawaonyesha picha zile wanafunzi wa Kiafrika wa Chuo Kikuu, akawauliza maoni. Wale vijana hawakumpigia makofi. Walimwambia kwamba Afrika si nchi moja, na hawakupenda maneno yake juu ya makabila. Pasolini angeweza kuyakata maneno yao. Akayaacha, nayo yamo mpaka leo.

Mwaka 2023 Matteo Garrone alitoa Io capitano, vijana wawili wa Dakar wakipita jangwa na Libya kwenda Italia, nao wasema Kiwolofu. Safari hii Mwafrika hakupakwa rangi.

Nashauri basi muhula ujao tuanze na baiskeli. Jumamosi ya pili tuwape wadogo Trinità, wasije wakatukimbia. Ile ya Pasolini iwekwe siku moja na mkutano wa chama cha mijadala, taa ziwashwe mara iishapo, na mlango ufungwe. Wazee mliomaliza shule, hasa mlioko Kampala na Dar es Salaam, mwenye nakala yenye maandishi yanayosomeka chini ya picha na atuletee kabla ya sikukuu.