Kivuli cha Adhuhuri Milimani

Katika milima ya mashariki ya Marekani ipo barabara ambayo haikujengwa kwa ajili ya wenye haraka. Huitwa Blue Ridge Parkway. Ujenzi wake ulianza mwaka 1935, zama za mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ilipokuwa ikitafuta kazi za kuwapa watu waliokosa ajira, na kipande chake cha mwisho hakikukamilika hadi mwaka 1987. Yaanzia Virginia na kuishia North Carolina, kilomita 755, ikifuata migongo ya milima. Malori ya mizigo hayaruhusiwi kupita. Mwendo wa juu kabisa ni maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72 hivi, na kituo cha mafuta hakuna. Anayehitaji mafuta hushuka mjini, kisha akapanda tena.

Dada yangu mkubwa alipelekwa huko na mwanawe, mkaazi wa Ohio, mwezi wa Oktoba, miaka michache kabla ya kimbunga Helene cha Septemba 2024 kuiharibu vibaya barabara hiyo upande wa North Carolina. Garini walikuwamo mpwa wangu na mkewe, dada yangu, na wajukuu wawili: mvulana wa miaka 14 na binti wa miaka 10. Mvulana huyo ndiye sababu ya makala haya. Bibi yake alikuwa amekwisha kaa nao miezi miwili, na katika muda huo wote hawakuwa wamesemezana zaidi ya salamu. Kiswahili cha kijana kilikuwa cha mezani tu, naye bibi hajui Kiingereza. Dada yangu aliniambia kwamba alikuwa ameanza kuhesabu siku za kurudi Lushoto.

Mpwa wangu aliandaa safari kama tunavyoandaa wengi wetu: saa nne kutazama hiki, saa sita kile, na hotuba fupi katika kila kituo. Watoto hawakuinua macho. Kisha simu zikapoteza mtandao, kama ilivyo katika sehemu nyingi za milima ile, pakawa kimya. Sisi wazazi tunakiogopa mno kimya cha aina hiyo, tukakimbilia kukijaza. Safari hii baba mtu alikwisha choka, akakiacha.

Bibi ndiye aliyeuliza kwanza. Milima anaijua, lakini hajapata kuona msitu mzima ukigeuka rangi kwa pamoja. Kwetu sisi ikitajwa vuli mtu hutazama mawingu. Kule hutazama majani. Aliuliza kwa nini mti mmoja uwe mwekundu na jirani yake wa manjano. Mvulana alilijua jibu kwa masomo ya shule, ila maneno hakuwa nayo. Akaanza kueleza kwa mikono na kwa Kiswahili cha kuokoteza, bibi akimpa neno moja moja: kikonyo, utomvu, kupukutika. Siku zinapofupika, jani huacha kujitengenezea ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwamo tangu awali ikajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo hutengenezwa wakati huo huo, kwa sukari inayobaki ndani ya jani njia ya kikonyo inapoanza kuzibwa. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi huzidisha wekundu.

Halafu akagundua jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Barabara hupanda hadi mita 1,845 kisha hushuka, na vuli ya kule huanzia vileleni. Juu waliikuta miti imekwisha kuwa mitupu, na bondeni baadhi ingali kijani. Akaomba daftari la dada yake, akawa anaandika namba ya kila nguzo ya maili na hali ya majani hapo. Binti hakuvutiwa na majani hata kidogo. Yeye alinasa kwenye maili 176, penye kinu cha Mabry, ambako maji huzungusha gurudumu nalo gurudumu likazungusha jiwe la kusagia mahindi. Ilibidi wamngoje.

Lakini lililodumu zaidi lilizuka kwenye mkeka. Walisimama mahali pa kutazamia bonde, wakaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kupunguza, kama wasafiri. Bibi akashangazwa na kivuli chake. Jua ndiyo kwanza limepinduka, nacho kilikuwa kirefu sawa na yeye mwenyewe! Kwao Lushoto, Oktoba, jua la adhuhuri hukaribia utosi na kivuli hukusanyika miguuni. Akamweleza mjukuu kanuni aliyofundishwa chuoni utotoni: Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, baada ya kutoa kile kivuli cha adhuhuri. Kijana hakuwa na haja ya hesabu hiyo, kwa kuwa swala zote mbili zimekwisha swaliwa. Hata hivyo alikata kijiti, akakisimika, akakaa nacho karibu saa tatu huku baba yake akitazama saa ya mkononi. Sifa ya mpwa wangu katika safari nzima ni kwamba hakupiga honi.

Mvulana hajageuka msemaji. Mama yake anasema mezani bado hujibu kwa neno moja. Ila tangu bibi arejee, kila Jumamosi hupiga simu Lushoto kuuliza urefu wa kivuli cha adhuhuri, naye bibi amesimika mti uani na kuupima kwa futi ya cherehani. Mwishoni mwa Machi alimwarifu kwamba kivuli, ambacho tangu Oktoba kilikuwa kikielekea kibla, sasa kimekipa kibla mgongo. Kijana hakusadiki. Akamtaka apime tena kesho yake.